Una digrii tayari na unataka unesi wa miezi 15 Marekani? Pima hivi kabla hujalipa dipoziti

Hii nawaandikia ndugu zangu mlioko Marekani ambao mna digrii tayari, iwe ya Nairobi, Mlimani, Makerere au ya hapa hapa, uhasibu, ualimu, IT, vyovyote vile, na sasa mnapiga shifti za CNA, yaani msaidizi wa nesi, kwenye nyumba za wazee huku mnafanya kazi bega kwa bega na RN, nesi mwenye leseni kamili, ambaye anaondoka na hela mara mbili au zaidi ya yenu. Naelewa kabisa kwa nini mnaitamani. Takwimu za serikali za 2024 zinasema mshahara wa kati wa RN ni dola 93,600 kwa mwaka, na kazi hazikosekani iwe uko Minnesota, Texas au Lowell. Halafu mtu anakutana na tangazo la programu ya ABSN, miezi 15 tu unakuwa nesi, ananitumia meseji, "dada nitaiweza kweli au naenda kupoteza hela?"

Nimeipita hiyo njia nikiwa na familia, na nimekaa na wengi wakati wanaisoma, waliomaliza na walioachia njiani. Kusema ukweli wengi walioachia njiani walikuwa na akili nzuri tu, kichwa hakikuwa shida, ila waliingia bila kupima masaa yao na pesa zao, wakaja kugundua wiki ya 6 wakati ada imeshalipwa na hairudi. Na haya mambo yanapimika kabla. Ndiyo maana nimeandika hatua kwa hatua, chukua karatasi na kalamu, usisome tu kwa macho.

Hatua ya 1: Jua wiki moja ya ABSN ikoje

ABSN ni digrii ya unesi kwa mtu mwenye digrii ya kitu kingine. Wanakusamehe masomo ya jumla kwa sababu ulishayasoma, wanakuingiza moja kwa moja kwenye unesi wenyewe, na yale ambayo mwenzako anayasoma kwa miaka 2 wewe unayamaliza kwa miezi 11 mpaka 18, nyingi ziko kwenye 15 au 16. Mwisho unakaa mtihani ule ule wa leseni, NCLEX-RN, anaokaa kila mtu. Hakuna kilichopunguzwa, ni muda tu umebanwa, likizo ya kiangazi hakuna.

Muhula wa kwanza ndio unaoangusha watu. Unakuta unasoma kwa mpigo patofiziolojia, yaani ugonjwa unavyoharibu mwili, famakolojia, kumpima mgonjwa kuanzia kichwani mpaka miguuni, na misingi ya unesi yenye lab na klinikali, yaani mafunzo ya wodini na wagonjwa halisi. Siku ya klinikali saa moja kasorobo asubuhi uko wodini umevaa skrabu, umeshaangalia majibu ya damu ya mgonjwa wako na dawa zake zote na unajua kila moja ni ya nini, maana mwalimu atakuuliza mlangoni kabla hujampa hata kidonge kimoja. Unatoka saa moja jioni, unafika nyumbani na mpango wa huduma wa kurasa kadhaa unakusubiri uandike, na keshokutwa kuna mtihani.

Kwenye lab nako siyo mchezo. Chukua mfano wa kuingiza katheta ya mkojo. Kuna mdoli kitandani, mwalimu pembeni na karatasi ya kutiki, wewe umefungua seti, umevaa glavu steraili, ule mkono mmoja unaoshika mwili ukishagusa basi hauruhusiwi kurudi kwenye vifaa hata kidogo, na ule mwingine haugusi chochote kisicho steraili. Ukisahau ukagusa shuka tu, umesimamishwa hapo hapo, unapangiwa siku ya kurudia. Mwalimu hana roho mbaya, kwa mgonjwa halisi hiyo ni infeksheni ya mkojo umempelekea wewe, na ndivyo unavyotakiwa kuanza kufikiri.

Halafu kuna mtihani wa mahesabu ya dawa. Daktari kaandika amoxicillin mg 375, chupa inasema mg 250 kwa kila ml 5, unampa ngapi? Ml 7.5. Heparini iko uniti 25,000 ndani ya ml 250, mgonjwa anatakiwa apate uniti 1,200 kwa saa, pampu unaiseti ngapi? Ml 12 kwa saa. Hesabu zenyewe ni za shule ya msingi, ila vyuo vingi vinataka 90% na vingine 100%, na nafasi za kurudia ni chache, ukizimaliza huendi wodini.

Na alama za kupasi siyo zile tulizozoea za 40 au 50. Kozi nyingi unatakiwa upate 75 mpaka 78 na hawapandishi desimali, 74.9 umefeli. Ukifeli kozi moja, kwa sababu zimepangwa kama mnyororo, unasimama unasubiri kundi linalofuata, inaweza kuwa miezi 6 au mwaka mzima. Ukifeli mbili vyuo vingi wanakuaga.

Hatua ya 2: Weka masaa 168 kwenye karatasi

Wiki ina masaa 168, hata uombe vipi hayaongezeki. Andika hivi. Darasa na lab weka 18. Klinikali weka 24, wiki nyingine zitakuwa 12 ila wewe weka 24. Kusoma weka 28, na hapo sijakuonea. Kulala masaa 7 kila siku ni 49. Jumla ni 119, umebakiwa na 49. Barabarani kwenda na kurudi toa 8. Kula, kuoga, kupika, kufua, watoto, kanisani au msikitini, ukiyapa masaa 3 tu kwa siku ni 21. Sasa umebakiwa na 20.

Hizo 20 ndizo zako za kazi. Shifti moja ya masaa 12 wikiendi inaingia na bado una 8 za mtoto kuumwa na gari kugoma kuwaka. Shifti 2 ni 24, umeshapita. Shifti 3 ni 36, una deni la masaa 16 na hilo deni utalilipa kwa usingizi, hakuna pengine pa kulitoa. Najua tuna watu kwenye jamii yetu wanaopiga dabo mwaka mzima na tunawasifia, lakini kupiga dabo kumgeuza mzee kitandani ni tofauti na kulala masaa 3 halafu ukakae mtihani wa famakolojia. Kichwa kisicholala hakishiki kitu, utasoma ukurasa mmoja mara nne. Na mwanafunzi anayesinzia wodini na sindano ya insulini mkononi ni hatari kwa mtu ambaye hana kosa lolote.

Weka namba zako halisi, siyo hizi zangu. Kama unakaa mbali weka 15 za barabarani. Hospitali ya klinikali huichagui wewe, unaweza kupangiwa ya dakika 70 kutoka kwako na muhula ujao nyingine kabisa. Ukiona jibu linakuja hasi hata baada ya kutoa kila kinachotolewa, usiwe na huzuni bado, kuna njia nyingine nimeziandika mwisho. Ila usijidanganye eti "nitajipanga", maana ukiulizwa kujipanga kwenyewe ni kutoa masaa wapi huna jibu.

Hatua ya 3: Jipe jaribio la wiki 8

Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote. Kabla ya kuingia ABSN kuna kozi za awali ambazo karibu kila chuo kinazitaka: anatomia na fiziolojia 1 na 2 zenye lab, maikrobiolojia yenye lab, takwimu, lishe, saikolojia ya ukuaji wa binadamu, na wengine wanaongeza kemia. Zisome komyuniti koleji, ni bei nafuu sana ukilinganisha na chuo cha binafsi, na hata ukibadilisha mawazo ukaenda njia nyingine ya unesi bado zinahesabiwa.

Sasa usizisome moja moja kwa raha. Anza na anatomia 1 kawaida, halafu muhula wa kiangazi jisajili anatomia 2 na maikrobiolojia kwa pamoja, zile za kubanwa wiki 8. Wakati huo fanya kazi masaa yale yale unayopanga kufanya ukiwa ndani ya ABSN, usipunguze na usiongeze, na wewe na familia yako ishini kama vile programu imeanza.

Ukipata A au B zote mbili, umelala, nyumba haijalipuka, mimi nitakuambia nenda. Ukipata B moja na C moja kaa chini uangalie kilichokuangusha ni nini, maana kama ni masaa ya kazi hilo linarekebishika, punguza shifti ujaribu tena na kozi nyingine mbili. Ukiona ulikuwa unalia kila Jumapili usiku na mume au mke hamuongei, hiyo ni taarifa muhimu sana na umeipata kwa ada ya komyuniti koleji badala ya makumi elfu ya dola.

Kuwa makini tu na mambo mawili. Vyuo vingi havikubali kozi za sayansi za zamani, wengine mwisho miaka 5, wengine 7, kwa hiyo ile baiolojia yako ya nyumbani ya 2009 isahau. Na wengi wanahesabu mara ngapi umerudia kozi, kwa hiyo ukiona mambo yanaharibika jitoe kabla ya tarehe ya mwisho ya kujitoa, usingoje F iandikwe.

Hatua ya 4: Jaribu maswali yao, siyo Kiingereza chako

Watu wetu wanaogopa lafudhi. Lafudhi haijamfelisha mtu, wagonjwa watakuelewa na madaktari watakuelewa. Kinachochelewesha ni kusoma haraka na namna maswali yanavyofikiri. Sisi shule tulizoea "taja", "eleza", "orodhesha". Huku hawakuulizi unajua nini, wanakuuliza utafanya nini kwanza.

Mfano, umepokea wagonjwa 4, unaanza na nani? Mmoja katoka operesheni masaa 2 yaliyopita maumivu ni 8 kwa 10. Wa pili ana COPD, ugonjwa sugu wa mapafu, na oksijeni inasoma 90%. Wa tatu ana nimonia, jana alikuwa vizuri, sasa hivi ghafla kachanganyikiwa na anahangaika kitandani. Wa nne ana kisukari, sukari ni 180. Mtu mwenye huruma anakimbilia wa maumivu, na mtu aliyekariri namba anakimbilia wa oksijeni 90. Jibu ni wa nimonia, kwa sababu mtu kuchanganyikiwa ghafla mara nyingi ni ubongo unakosa oksijeni na hali inabadilika sasa hivi, wakati yule wa COPD 90 ni kawaida yake, na maumivu ya 8 yanauma kweli lakini hayamuui ndani ya dakika 5.

Tafuta maswali 50 ya namna hii, kuna mengi ya bure, jiwekee dakika 75 na usisimamishe saa. Hujasoma unesi bado kwa hiyo alama siyo muhimu, angalia kama umeyamaliza yote. Kama umefika la 30 tu muda umeisha, basi miezi kadhaa kabla ya kuanza soma Kiingereza cha kitabibu kila siku, vitabu vya anatomia, maelezo ya dawa, mpaka macho yazoee. Inazoeleka. Ila kuizoea ukiwa ndani ya programu ni kujitesa.

Kwenu mlio CNA, uzoefu wenu ni mtaji, hamtaogopa mgonjwa, hamtaogopa kinyesi, kumsogeza mtu mnajua. Darasani lakini utausikia ule mdomo wa ndani unasema "kazini kwetu hatufanyi hivyo", nyamazisha, jibu kama kitabu kinavyosema.

Hatua ya 5: Pesa, mpaka mshahara wa kwanza

Hapa ndipo nakaa sana na watu. Kwanza wengi hawajui kwamba Pell Grant, ile hela ya serikali isiyorudishwa, hupati. Hiyo ni ya mtu ambaye hajawahi kuwa na digrii, na digrii ya nyumbani nayo inahesabika, usiifiche kwenye fomu maana kwanza ndiyo inayokuingiza ABSN. Unachoweza kupata ni mkopo wa serikali, kama ni raia, una grinikadi au umeshakubaliwa hifadhi. Kwa mtu anayejitegemea mwisho ni dola 12,500 kwa mwaka wa masomo na 57,500 kwa jumla maisha yote ya digrii za kwanza, kwa hiyo kama ulisoma digrii ya kwanza hapa hapa kwa mkopo, ile iliyokwisha chukuliwa inatolewa humo. Programu za vyuo binafsi zinapita dola 50,000 bila shida, piga hesabu mwenyewe pengo ni kiasi gani. Pengo watu wanaliziba na mkopo wa benki, riba juu na mara nyingi wanataka mdhamini, na ukimuweka kaka yako mdhamini ukifeli mnafeli wote wawili.

Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, hesabu ni nyingine kabisa. Mkopo wa serikali hakuna, kazi ni masaa 20 kwa wiki ndani ya chuo tu wakati wa masomo, na ukimaliza una OPT, ruhusa ya kufanya kazi, ya miezi 12. Ongea na ofisi ya wanafunzi wa kigeni na mwanasheria kabla, siyo baada.

Uliza pia hospitali. Ziko zinazolipia ada yote au sehemu halafu unawafanyia kazi miaka 2 au 3, soma mkataba ujue ukifeli au ukihama jimbo unarudisha nini. Na kuna Nurse Corps Scholarship ya serikali, wanalipa ada na posho ya kila mwezi, unafanya kazi angalau miaka 2 kwenye sehemu yenye uhaba wa manesi, inahitaji uraia au grinikadi. Ushindani ni mkali ila kujaza fomu ni bure, jaza.

Sasa bajeti yenyewe. Usiweke ada tu. Weka vitabu na ile pakeji ya mitihani ya mtandaoni wanayokulazimisha kununua, skrabu, stethoskopu, bima, vipimo, kozi ya BLS ya kuokoa maisha, mafuta ya gari, halafu mwisho NCLEX yenyewe dola 200 na ada ya leseni ya jimbo. Kodi ya nyumba na chakula zidisha kwa miezi yote ya programu na uongeze miezi 3 au 4 mbele. Hii miezi ya mbele watu wanaisahau kabisa. Ukigraduate chuo kinatuma transkripti, bodi inakupa ruhusa ya kukaa mtihani, unatafuta tarehe, unapasi, leseni inatoka, halafu hospitali nyingi zinaanzisha manesi wapya kwa makundi na kundi linaweza kuwa la miezi 2 mbele. Kipindi hicho una cheti ukutani na friji tupu.

Halafu kuna bili moja ambayo hakuna chuo kitakachokuuliza, hela ya nyumbani. Ada ya mdogo wako, dawa za mama za presha, mchango wa harusi, msiba, paa la nyumba ya baba. Iandike kama bili kwa sababu ni bili. Rudi nyuma kwenye simu uangalie ulichotuma miezi 6 iliyopita, gawa kwa 6, hiyo ndiyo namba yako halisi, wengi wakiiona wanashtuka. Usiseme "nitaacha kutuma" kama unajijua huwezi kusikia mama kalazwa ukanyamaza.

Hatua ya 6: Kaa na watu wako kabla, na kwa uwazi

Nyumbani piga simu miezi 6 kabla, siyo siku hela zimeisha. Ongea na mtu mmoja mwenye sauti kwenye familia, mjomba, dada mkubwa, mueleze kwamba kuanzia Januari mpaka mwakani katikati nitakuwa natuma kiasi hiki tu na kwa ajili ya mama tu, baada ya hapo nitarudi na nguvu. Yeye ndiye atakayekukinga kwa wengine. Watu wa nyumbani wanaelewa shule, tena wanaiheshimu sana, wasichoelewa ni kunyamaza ghafla ukaonekana umebadilika.

Kwa mwenza wako msiongee kwa hisia, ongeeni kwa ratiba. Asubuhi ya klinikali nani anampeleka mtoto? Deikea nyingi zinafungua saa 12 au 12 na nusu, wewe saa moja kasorobo unatakiwa uwe wodini umesimama. Haiwezekani ufanye vyote viwili. Kwa hiyo lazima kuwe na mtu, mume, mke, bibi aliyekuja kutembea, jirani mnayesali naye, na lazima awepo wa pili kwa ajili ya siku huyo wa kwanza anaumwa, kwa sababu klinikali ukikosa moja ni shida, ukikosa mbili vyuo vingine ni kufeli kozi hata kama mtoto alikuwa hospitali kweli. Andika majina mawili. Kama ni single mama au single baba na una jina moja tu, tafuta la pili kwanza, hili nakuambia kama dada yako. Nimeona mama mwenye A tupu akisimamishwa kwa ajili ya utoro wa klinikali na inauma mno kuangalia.

Hatua ya 7: Kichunguze chuo kama na wao wanavyokuchunguza wewe

Ithibati kwanza, iwe ni ya CCNE au ACEN, mashirika yanayokagua programu za unesi, na programu iwe imekubaliwa na bodi ya unesi ya jimbo. Bila hivyo usiendelee kusoma hata ukurasa wao wa pili.

Halafu asilimia ya waliopasi NCLEX mara ya kwanza, zipo wazi kwenye tovuti za bodi za majimbo, angalia miaka 3 au 4 siyo mmoja. Ila hiyo namba peke yake inadanganya. Chuo kinaweza kuwa na 98% kwa sababu kimewaondoa njiani wote waliokuwa wanasuasua, kwa hiyo swali lako kwa ofisi ya udahili liwe hili: kundi lililopita waliingia wangapi na waliograduate kwa wakati wale wale ni wangapi? Wakikujibu kwa namba, vizuri. Wakikuzungusha zungusha na maneno matamu, umepata jibu lako. Uliza pia kama kuna mtihani wa mwisho wa HESI au ATI ambao usipoupasi hawakuachii ukagraduate hata kama kozi zote umepasi, na mtu akifeli kozi moja anarudi lini na kwa bei gani.

Na tafuta mwanafunzi wa sasa, siyo yule wanayekupa wao. Kwenye jamii zetu hakosekani mtu anayemjua mtu. Muulize unalala saa ngapi na unafanya kazi masaa mangapi, basi.

Hatua ya 8: Makaratasi anza leo

Transkripti ya nyumbani lazima ikaguliwe na kampuni kama WES au ECE, tena kozi kwa kozi, na chuo chako cha nyumbani ndicho kinachotuma moja kwa moja, wewe hairuhusiwi kuibeba mkononi. Barua pepe peke yake mara nyingi haitoshi, tafuta ndugu aende ofisi ya msajili akae pale mpaka itumwe. Kama digrii yako ni ya miaka 3, uliza kila chuo kama wanaikubali kuwa sawa na digrii kamili kabla hujalipa ada ya maombi.

Chanjo nazo zina muda wake. Homa ya ini B dozi 3 za kawaida zinachukua miezi 6, ukianza wiki ya kupokelewa umechelewa. Na wengi wetu tuna kovu la BCG, kile kipimo cha TB cha kwenye ngozi kinaweza kuvimba bila ya kuwa na ugonjwa wowote, halafu uanze kuzungushwa na eksirei. Omba kipimo cha damu, QuantiFERON, hicho BCG haikisumbui. Waambie mapema, wasikuchome kwanza.

Hatua ya 9: Amua

Ukishafanya yote haya utakuwa kwenye moja ya sehemu tatu. Masaa yanatosha, jaribio la wiki 8 limeenda vizuri, pesa ipo mpaka miezi 3 baada ya kugraduate na majina mawili ya mtoto unayo: omba, na omba vyuo zaidi ya kimoja. Kimoja hapo kinakosekana lakini kinarekebishika: sogeza mwaka mmoja, weka akiba, lipa deni la gari liishe, halafu ingia umetulia. Mwaka mmoja siyo kuchelewa, mtu wa miaka 40 akiingia na 41 bado ana miaka zaidi ya 20 ya kufanya kazi.

Na kama masaa yanakataa kabisa kwa sababu wewe ndiye unayelipa kila kitu nyumba nzima, basi usiingie ABSN, nenda ADN, ile digrii fupi ya unesi ya komyuniti koleji. Ni kama miaka 2 baada ya kozi za awali, ada ni ndogo, wengine wana ratiba za jioni na wikiendi, na mtihani ni ule ule, leseni ni ile ile ya RN. Au anza na LPN, nesi wa ngazi iliyo chini ya RN, kama mwaka mmoja, mshahara unapanda, halafu unavuka kwenda RN. Hospitali kubwa nyingi zinapenda BSN, digrii kamili ya unesi, na New York tangu sheria ya 2017 RN mpya anapewa miaka 10 kuipata, lakini RN kwenda BSN inasomwa mtandaoni ukiwa tayari unakula mshahara wa nesi, na waajiri wengi wanachangia ada, mpaka dola 5,250 kwa mwaka bila kukatwa kodi. Ukiamua njia hii cheki dedlaini ya koleji ya kaunti yako wiki hii hii, maana nyingi zinapokea maombi ya ADN mara moja au mbili kwa mwaka na zinataka mtihani wa kuingilia wa TEAS au HESI uwe umeshafanywa kabla ya kuomba.